Nyuzi Nne

Eluned ana kipimajoto cha kuogeshea watoto,
cha plastiki, umbo la bata.
Hukifunga kwa kamba ya kiatu, hukitupa ziwani,
hukivuta, hukisogeza hadi puani maana miwani iko garini,
kisha hutangaza kama msoma matokeo ya uchaguzi:
"Nyuzi kumi na nne."
Hiyo ilikuwa Septemba. Nilidhani nitakufa.

Nilikuwa nimebadilishiwa goti.
Miaka ishirini na sita nimepikia shule,
viazi, njegere, viazi,
mwili umezoea mvuke.
Daktari alisema niogelee, hakusema wapi.
Bwawa la mji limefungwa, paa linavuja;
likabaki ziwa, chini ya mlima uliochongwa na babu zetu
ili watu wa Liverpool wapate kuezeka nyumba.
Vifusi vyao vimeteremka hadi majini,
rangi ya zambarau mvua ikinyesha.
Hapo ndipo tunapovulia nguo,
Eluned, mimi, na Gethin wa gari la mikate.

Usirukie, alinifunza.
Ingia kama aliyechelewa ibada, benchi la nyuma.
Baridi itakukaba koo, itakutaka uvute pumzi, uvute, uvute.
Wewe toa.
Na ukariri jedwali la saba, kwa Kiwelisi, kwa sauti;
siku utakapoisahau saba mara nane
geuka, toka, usibishane na mtu.

Kumi na moja. Tisa. Sita na nusu.
Kila juma uzi mmoja wafumuka
kwenye sweta la dunia.
Nyumbani nikawa naoga maji ya bomba, ya baridi,
mume wangu Idwal akisikiliza mlangoni:
"Nani anapigwa humo?"
Dakika mbili. Nne. Sita.
Mwezi wa Mei tunataka kulivuka ziwa lote, ncha hadi ncha;
kwa sasa navuka hadi boya jekundu na kurudi,
na boya lenyewe naliamkia.

Januari. Theluji inaanguka bila kishindo.
Eluned avuta bata wake.
"Nne."
Hakuna anayesema kitu. Nguo nimekwisha kuyavulia; nioge tu.

Kifundo. Goti, lile la chuma, linalojua baridi kabla yangu.
Tumbo: hapo nilitukana, mlima ukanirudishia tusi langu.
Ngozi ikawaka kama iliyosuguliwa pilipili,
halafu
ikanyamaza.
Maji meusi, mkono wangu chini yake mweupe, wa mtu mwingine,
unasukuma, unasukuma,
theluji inatua usawa wa macho yangu
na kila chembe inatoweka pale inapogusa.
Sina goti. Sina viazi. Sina miaka hamsini na minane.
Nina pumzi, na boya.

Nyuma yangu namsikia Eluned:
saba mara sita, arobaini na mbili,
saba mara saba, arobaini na tisa,
saba mara nane
saba mara nane

Nikageuka. Gethin akageuka.
Tulimtoa kama tunaiba kabati, kila mmoja bega lake,
tukamvika kofia mbili, tukamzungushia blanketi la mbwa.
Midomo yake ya bluu ilikuwa inataka kusema.
"Hiyo," alisema, "hata nikiwa mkavu
sijawahi kuijua."

Baridi yenyewe huja baadaye, ndani ya gari,
mtetemo unaotoka kwenye mfupa kuja nje;
chai yamwagika mapajani, vifungo ni mafumbo.
Gethin alinifunga koti, mpaka kidevuni,
akitazama pembeni kwa adabu.
Tulicheka hadi vioo vikaingia ukungu,
na Eluned, kidole kikitetemeka,
akaandika juu ya ukungu: 56,
akauliza kama ndivyo.